Kikao cha Dharura kuhusu Moto Uliowashwa Ndani ya Injini Na. 47

KAMATI YA KUHIFADHI INJINI YA MVUKE NA. 47, TORONTO

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 19 Februari 2011, katika chumba cha chai cha Makumbusho ya Reli za Viwandani, Etobicoke.

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Diogo Rebelo – Mwenyekiti
2. Bi. Mehrunissa Hasham – Makamu Mwenyekiti
3. Bw. Januari Mihambo – Mjumbe, Ufundi
4. Bi. Hazel Rebelo – Mjumbe (pia ni mke wa Mwenyekiti)
5. Bi. Otilia Komba – Katibu

ALIYEALIKWA
Bw. Neil Pacheco – Msimamizi wa Makumbusho

WASIOHUDHURIA
1. Bw. Rafiq Jiwani – kwa udhuru (yuko Florida mpaka theluji iishe)
2. Bw. Alnasir Velji – bila taarifa (anasema alijiuzulu mwaka 2008, Kamati bado haijakubali)

KUMB. NA. 1/02/2011: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilifunguliwa saa 8:25 mchana badala ya saa 8:00, kwa sababu gari la Mwenyekiti lilikataa kuwaka huko Mississauga na Bi. Hazel alikataa kulisukuma. Mwenyekiti aliwashauri wajumbe wasivue makoti kwa kuwa hita ya chumba inapasha joto upande mmoja tu. Upande huo Bi. Mehrunissa alikuwa ameshaukalia tangu saa 7:40.

Katibu alikumbusha maazimio mawili yanayohusu kumbukumbu hizi. La kwanza ni la mwaka 2006, kwamba vikao viendeshwe kwa Kiswahili, baada ya kikao cha Kiingereza ambamo wajumbe wawili walitishiana mawakili. La pili ni la mwaka 2009, kwamba maneno ya ugomvi yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa sababu baadaye hukanushwa.

Mwenyekiti alipendekeza kwamba kwa vile baridi ni kali, suala la moto liahirishwe na wajumbe wajadili rangi ya magurudumu. Bi. Mehrunissa alisema magurudumu hayakuita zimamoto. Hoja ya Mwenyekiti ilikosa mtu wa kuiunga mkono, hata nyumbani kwake.

KUMB. NA. 2/02/2011: TAARIFA YA MSIMAMIZI WA MAKUMBUSHO

Kwa faida ya atakayesoma bila kuijua historia: Injini Na. 47 ni injini ndogo ya mvuke iliyokuwa ikivuta udongo katika kiwanda cha matofali. Kiwanda kilipofungwa, Makumbusho iliichukua na kuiweka uani. Mwaka 2004 Bw. Rebelo, aliyejitambulisha kuwa dereva mstaafu wa treni kutoka Kenya, alikusanya watu waliokulia kando ya reli huko nyumbani, akawaahidi kwamba siku moja injini hii itatembea kwa mvuke wake yenyewe. Tangu wakati huo Kamati imeipaka rangi mara nne na kuifunika kwa maturubai matatu, yote yakachukuliwa na upepo.

Bw. Neil alialikwa kutoa taarifa. Bw. Neil alizaliwa hapa Toronto. Kiswahili anakielewa chote kutoka kwa bibi yake, ila hujibu kwa Kiingereza. Katibu ametafsiri, akiacha neno moja alilolirudia mara nyingi.

Alieleza kwamba Alhamisi tarehe 10 Februari, siku ambayo yeye hayupo kazini, majirani waliona moshi mweusi ukipanda kutoka uani. Walipiga simu. Magari mawili ya zimamoto yalifika. Uani hapakuwa na mtu. Ndani ya tanuru la Injini Na. 47, yaani mahali pa kuwashia moto, kulikuwa na moto mkubwa unaowaka peke yake. Ulizimwa bila mtu kuumia.

Kwenye majivu yalipatikana mabaki ya mbao, mifuko mitatu iliyoandikwa mkaa wa kuchomea nyama, na vipande vya karatasi. Bw. Neil alionyesha kipande kimoja. Kilikuwa ukurasa wa tatu wa jarida la Kamati, toleo la Krismasi. Bunda lote la nakala mia mbili lililokuwa kabatini limetoweka. Katibu, ambaye ndiye mwandishi wa jarida hilo, aliomba iandikwe kwamba nakala hizo zilikuwa zikisubiri kugawiwa. Bi. Mehrunissa alisema zilikuwa zikisubiri tangu Krismasi ya 2008. Katibu ameandika.

Mwisho Bw. Neil aliweka mezani kitu kilichookotwa ndani ya kibanda cha dereva: bakuli la plastiki lenye mfuniko wa buluu. Alilifungua. Kwa harufu ilionekana kuwa mabaki ya sorpoteli, ule mchuzi wa nguruwe na siki wanaopika Wagoa. Bi. Mehrunissa aliomba ushahidi usogezwe mbali na kikombe chake. Bi. Hazel alilitazama bakuli kwa muda, kisha akaomba aongezewe chai.

Bw. Neil alimalizia kwamba halmashauri ya Makumbusho imekasirika na imetoa masharti. Makumbusho ina mfanyakazi mmoja anayelipwa, ambaye ni yeye, kwa siku nne za juma. Ina banda moja lenye paa la bati, na paa lenyewe linavuja. Haiwezi kulinda kitu kilicholala nje ambacho watu wanakuja kukiwasha. Kwa hiyo ikifika tarehe 31 Machi bila Kamati kuleta mpango unaoeleweka, Injini Na. 47 itachukuliwa na mnunuzi wa chuma chakavu. Nafasi moja bandani ipo, lakini kinachoingia bandani lazima kimfundishe kitu mtoto wa shule. Alisema, na hapa aliongea Kiswahili kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, "Anko, Anti, mimi nimechoka."

KUMB. NA. 3/02/2011: NANI ALIWASHA MOTO

Mwenyekiti alishauri kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba kutafuta mchawi kutavunja umoja wa Kamati. Bi. Mehrunissa alijibu kwamba umoja wa Kamati ulishavunjika mwaka 2007 kwenye uchaguzi wa Mwenyekiti, na hilo halijawahi kuwazuia kukutana. Alitaka mhusika atajwe leo na afukuzwe leo.

Alieleza hoja yake. Yeye ameendesha duka la dawa kwa miaka ishirini na sita, na wizi wa dukani siku zote huanzia kwa mwenye funguo. Ukiacha wa Bw. Neil, funguo zinazofungua geti na chumba hiki ziko mbili. Mmoja anao Mwenyekiti, ambaye alitangaza mwezi Novemba kwamba umepotea. Mwingine anao Bw. Januari. Zaidi ya hayo, katika Kamati nzima ni mtu mmoja tu aliyewahi kuchochea moto wa injini kwa ajira. Bw. Januari alikuwa mchochezi wa injini za mvuke kwenye karakana ya Tabora kabla ya kuja huku na kuwa fundi wa maboila hospitalini hadi alipostaafu.

"Sina chuki naye," alisema Bi. Mehrunissa. "Ni mtu wa heshima. Lakini kuku wa jirani hawezi kujifungulia banda."

Bw. Januari hakujibu. Mwenyekiti naye hakusema kitu. Katibu alimuuliza Bw. Januari kama angependa kujitetea. Alisema ametoka mtaa wa Jane na Finch kwa mabasi matatu kwenye theluji na hakuja kujitetea. Bi. Mehrunissa alisema kunyamaza ni kukiri.

Hapo Bw. Januari alivua kofia. Maneno yake ni haya:

"Mama, ningeuwasha mimi, ungesikia filimbi mpaka dukani kwako. Aliyewasha ule moto hajui injini. Hajui hata chai. Boila ni sufuria, mama. Unaanza na maji, ndipo unawasha jiko. Huyu mtu amebandika sufuria tupu motoni akakaa kusubiri uji. Mjinga wa kiwango hicho sijawahi kukutana naye kwenye reli, na reli nimekutana na wajinga wengi."

"Haikuwa tupu!" alisema Mwenyekiti. "Nilitia ndoo kumi na moja!"

 

Bi. Hazel aliweka kikombe chini. Alisema, "Na bakuli langu nalitafuta tangu ile Alhamisi."

KUMB. NA. 4/02/2011: MAELEZO YA MWENYEKITI

Bi. Mehrunissa aliuliza kama ni halali Mwenyekiti kuongoza ajenda inayomhusu mwenyewe. Katiba ya Kamati ilitafutwa, haikupatikana. Ilidhaniwa kwamba nayo ilikuwa kwenye lile kabati la majarida. Mwenyekiti alisema hataki kuongoza, anataka kuongea.

Alieleza kwamba tarehe 10 Februari alitimiza miaka sabini na tano. Aliamka akamwambia mkewe anakwenda kupima macho. Alipitia dukani akanunua mkaa. Ufunguo haukuwahi kupotea. Alichota maji kwenye sinki la chumba hiki hiki kwa ndoo ya kudekia, akapanda ngazi mara kumi na moja hadi juu ya boila. Safari ya mwisho aliteleza, akaona kumi na moja zinatosha.

Bw. Januari alisema kwa sauti ya chini kwamba boila hilo linahitaji lita elfu mbili.

Katibu aliuliza kwa nini hakumwomba Bw. Januari, ambaye yupo na anajua kazi. Mwenyekiti alisema asingeweza kumwomba, kwa sababu Januari angegundua.

"Angegundua nini?" aliuliza Bi. Mehrunissa.

"Kwamba sijui," alisema Mwenyekiti. "Sikuwahi kuwa dereva. Nilikuwa karani wa tiketi, stesheni ya Nakuru. Miaka kumi na minne nimekaa nyuma ya kidirisha. Treni nimeziona ubavu tu, zikiingia na zikitoka. Nilipofika nchi hii, mtu wa kwanza aliniuliza nilifanya kazi gani kwenye reli. Nikasema dereva. Nilidhani sitamwona tena. Kumbe alikuwa wa parokia yangu."

Bi. Mehrunissa alimgeukia Bi. Hazel na kumuuliza kama alikuwa akijua. Bi. Hazel alijibu kwamba walioana mwaka 1977, na ukweli aliujua mwaka 1981, binamu ya mumewe alipokuja kutoka Nakuru na kumuuliza mbona karani anaitwa dereva. Aliulizwa swali kwa nini alinyamaza miaka thelathini. Alisema kila mume ana haki ya uongo mmoja, na huu haukuwa na mwanamke ndani yake.

Mwenyekiti, ambaye hakujua kwamba mkewe anajua, aliomba dakika moja. Alipewa. Bw. Neil alimsogezea kiti karibu na hita. Bi. Mehrunissa alisogeza magoti kidogo kumpa nafasi. Ni mara ya kwanza kwa nafasi hiyo kuachwa tangu kikao kianze.

Akiendelea, Mwenyekiti alisema moto uliposhika alifunga mlango wa tanuru, akakaa kwenye kiti cha dereva, akala chakula chake. Alishika mkono wa kufungulia mvuke. Alivuta kamba ya filimbi, haikulia.

"Ila chuma kilipata joto," alisema. "Nilivua glavu nikaweka mkono. Miaka saba naipaka rangi ikiwa baridi kama maiti. Siku ile ilikuwa na joto. Nikasema, haya, sasa inatosha hata nikifa."

Aliposikia ving'ora alishuka akapita kwenye tundu la uzio, akaenda kukaa kwenye duka la kahawa lililo ng'ambo ya barabara, akiwa na masizi usoni. Hakuna aliyemuuliza chochote. Alitazama magari ya zimamoto kupitia kioo kama mteja mwingine yeyote.

Kisha alimgeukia Bw. Januari. "Na leo nimekaa hapa nikaacha wewe utajwe. Hilo ni baya kuliko moto. Nisamehe, ndugu yangu."

Bw. Januari alijibu, "Kukaa kwako kimya ndiko kulikoniuma. Ndoo kumi na moja nimeshasamehe, maana nitazicheka mpaka kaburini."

KUMB. NA. 5/02/2011: UKAGUZI WA INJINI

Kwa pendekezo la Bw. Januari, wajumbe wote walitoka nje saa 9:40 kuona hasara kwa macho yao. Joto lilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Turubai la tatu lilipatikana limenasa kwenye mti wa jirani.

Bw. Januari aliingiza taa ndani ya tanuru na kumtaka kila mjumbe ainame atazame. Juu ya tanuru kuna bamba la chuma ambalo kwa kawaida hufunikwa na maji upande wa pili. Alieleza kwamba maji yakiwa haba, bamba hilo hupokea moto peke yake, likalegea. Wajumbe walishuhudia kwamba limebonyea kwa chini kama godoro la gesti. Katibu alitazama kwa sekunde kumi. Mwenyekiti alitazama hadi Bi. Hazel alipomvuta koti.

Bw. Neil aliuliza kama linaweza kutengenezwa. Bw. Januari alisema linaweza, kwa karakana ambayo hatuna, mafundi ambao wamekufa, na kibali ambacho hakuna mkaguzi atakayekitoa.

Bi. Mehrunissa alisema kwa uchungu, "Basi umetuulia injini, Bwana Diogo. Ilikuwa itembee."

Bw. Januari alisema kuna jambo anapaswa kulitoa, kwa kuwa leo inaonekana ni siku ya kukiri. Mwaka 2005 alipoingia kwenye Kamati, Jumamosi ya kwanza alifungua mlango wa mbele wa boila akachokonoa mabomba yaliyomo kwa bisibisi. Bisibisi ilipita upande wa pili. Mabomba yote yalikuwa yameliwa na kutu tangu enzi za matofali. Injini hii isingetembea kamwe, kuwe na moto au kusiwe.

Bi. Mehrunissa alimuuliza kwa nini hakusema. Alijibu, "Mlikuwa mnapaka rangi kwa furaha. Wewe mwenyewe ulikuwa unaleta sambusa."

Bi. Mehrunissa alisema maneno ambayo, kwa azimio la 2009, yangepaswa kuandikwa. Yalikuwa ya Kikachi, lugha ya nyumbani kwao, na hakuna mjumbe mwingine anayeweza kuyaandika. Alisema baadaye kwa Kiswahili kwamba amesugua kutu kwa Jumamosi za miaka saba, amekosa harusi mbili za wapwa zake, na magoti yake hayafai tena kwa lolote, yote kwa ajili ya injini iliyokuwa maiti na karani aliyejiita dereva. Alitembea hadi kwenye uzio akasimama peke yake. Bi. Hazel alimfuata. Walizungumza faragha kwa takribani dakika tano. Kilichozungumzwa hakimo katika kumbukumbu hizi, ila walirudi wameshikana mikono kwa sababu ya barafu, na Bi. Mehrunissa alikuwa anacheka huku akifuta macho.

KUMB. NA. 6/02/2011: NINI KIFANYIKE

Kikao kiliendelea ndani saa 10:10. Mwenyekiti alianza kutangaza kujiuzulu. Bi. Mehrunissa aliipokea barua hiyo kabla haijaandikwa, akahamia kiti cha mbele pamoja na kikombe chake. Kuanzia hapa kikao kiliongozwa naye.

Mwenyekiti wa Muda alitaka mawazo. Alisema yake ni kuachana na injini: Kamati imwambie mnunuzi wa chuma aje, watu warudi kwa wajukuu wao, na wale ambao hawana waazime. Bi. Hazel aliunga mkono. Katibu aliona hoja inaelekea kupita na akachukua kalamu.

Bw. Januari aliomba nafasi. Alisema alipokuwa akijifunza kazi, akiwa na miaka kumi na tisa, mwalimu wao alikuwa na boila moja bovu lililopasuliwa ubavu. Wanafunzi waliona ndani yote: moto unakaa hapa, moshi unapita humu, maji yamezunguka hivi, mvuke unapanda kule. Mambo ambayo kwenye kitabu aliyasoma miezi miwili bila kuelewa, aliyaelewa kwa asubuhi moja.

"Injini nzima haitufai, maana haitembei," alisema. "Tuipasue. Ubavu mmoja tu. Ule mwingine ubaki na rangi yenu. Iliyopasuliwa haitaki kibali, haitaki mkaguzi, hakuna wa kuja kuiwasha. Na mtoto wa shule akisimama pale, nitamwonyesha njia ya moto kwa kidole. Hata lile bamba lililopinda nitamwonyesha. Nitamwambia, hivi ndivyo inavyokuwa ukisahau maji."

Bw. Neil alisimama. Alisema kwa Kiingereza kwamba hilo halmashauri italikubali, kwamba nafasi ya bandani ipo, na kwamba anamfahamu mwalimu wa chuo cha kuchomelea anayetafuta chuma kikubwa cha wanafunzi wake kujifunzia kukata. Alisema mengi kwa haraka. Lile neno ambalo Katibu hatafsiri lilirudi, safari hii kwa furaha.

Bw. Rebelo, akiongea kama mjumbe wa kawaida, alipinga. Alisema wameahidi kuihifadhi, si kuichinja. "Mtu ukimpasua hawi mtu tena," alisema. Aliomba injini ibaki nzima hata kama haitembei, ifunikwe kwa turubai jipya.

Mwenyekiti wa Muda alimuuliza turubai lipi, la nne? 

Bw. Januari alimwambia, "Mzee Rebelo, miaka saba umekaa nje yake. Hutaki kuona ndani?"

Ilipigwa kura. Waliotaka ipasuliwe: watatu (Bw. Januari, Katibu, na Mwenyekiti wa Muda, ambaye alieleza kwamba amebadili msimamo kwa sababu Bw. Rebelo amepinga kupasua). Waliotaka iende kwa mnunuzi wa chuma: mmoja (Bi. Hazel). Bw. Rebelo hakupiga kura.

Iliazimiwa:
(a) Injini Na. 47 ipasuliwe ubavu wa kushoto na iingizwe bandani kabla ya tarehe 31 Machi.
(b) Bw. Januari awe mwelekezaji wa wageni, na apewe kiti.
(c) Bw. Rebelo aiandikie halmashauri barua ya kuomba radhi, na Bi. Hazel aisome kwanza, asije akaisaini kama dereva.
(d) Bw. Rebelo asifukuzwe. Bw. Neil alieleza kwamba dirisha la tiketi halina mtu siku za Jumamosi. Bw. Rebelo alipewa nafasi hiyo. Alisema kazi hiyo aliiacha mwaka 1974 na aliapa hairudii. Aliuliza kama tiketi ni za kuchana au za kutoboa.
(e) Ufunguo wa geti urudishwe leo. Ulirudishwa. Ulikuwa mfukoni mwake.
(f) Bakuli lirudishwe kwa Bi. Hazel. Alilikataa.

KUMB. NA. 7/02/2011: KUWEKA ALAMA YA KUKATA

Bw. Neil aliomba mahali pa kukata paonyeshwe leo, ili aweze kupiga picha na kumpelekea mwalimu wa chuo. Wajumbe walitoka tena saa 10:45. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghala lakini mwanga ulitosha.

Bw. Januari alitoa mfukoni chaki ya jiwe, ile ya mafundi wa chuma. Badala ya kuchora, alimpa Bw. Rebelo. Bw. Rebelo alisema yeye hakukubaliana na azimio. Bw. Januari alisema chaki haijui kura.

"Nianzie wapi?" aliuliza Bw. Rebelo.

"Hapa, nyuma, kwenye tanuru. Nenda mbele taratibu mpaka ufike kwenye bomba la moshi. Usipande juu sana, tutakosa kuona maji yalipokuwa yanakaa."

"Yalipopaswa kukaa," alisema Bi. Hazel.

Bw. Rebelo alifuta theluji kwenye ubavu kwa mkono wa koti, akavua glavu ya kulia, akaanza kuchora. Alikwenda polepole. Mstari ulipanda na kushuka. Kila hatua mbili tatu alisimama kumuuliza Bw. Januari kuna nini nyuma ya chuma mahali pale, na Bw. Januari alimweleza: hapa ni tanuru bado; hapa mabomba yanaanza; hapa ni maji, maji matupu, mpaka kule. Bw. Rebelo aliitikia kila mara, kisha akaendelea. Mwenyekiti wa Muda alisema watu wataganda. Hakuna aliyeondoka, naye pia hakuondoka.

Mstari ulipofika mwisho Bw. Neil aliutazama, akasema kwamba chuoni wana kifaa cha kuchora mstari ulionyooka, na kwamba fundi anaweza kuurekebisha.

Bw. Januari alisema fundi ataifuata chaki.

Mwenyekiti wa Muda aliuliza kama kuna anayepinga. Hapakuwa na aliyepinga. Bw. Rebelo alikuwa amesimama ameweka kiganja kitupu juu ya chuma, mbele ya mstari wake, akiuliza tena mvuke ulikuwa unapanda wapi.

KUMB. NA. 8/02/2011: MWISHO WA KIKAO

Kikao hakikufungwa rasmi, kwa kuwa hakuna mjumbe aliyerudi ndani. Katibu ameandika saa 11:05 jioni, muda ambao Bw. Januari alimaliza kumjibu Bw. Rebelo.

Mehrunissa Hasham
Mwenyekiti wa Muda
Sahihi: ...........................

Otilia Komba
Katibu
Sahihi: ...........................